Potwe na Sifongo: Je, Akaaye Hana Kazi?



Ukimkuta mtu njiani hapa Pugu ukamwuliza habari za kazi, mara nyingi utajibiwa kwa maneno mawili: "Nipo tu." Husema hivyo huku akitazama chini, kana kwamba kuwapo ni aibu. Lakini yule aliyekwenda mjini, akirudi siku ya sikukuu, hata akiwa hana shilingi mfukoni, watu humzunguka na kumwuliza habari kwa heshima, kwa sababu ametoka mahali na anakwenda mahali. Sisi wa Pugu tunaijua hali hii kuliko wengi. Tumekaa vilimani, nyuma ya Dar es Salaam, na reli inatupitia. Gari-moshi lilianza kupita hapa zamani za Wadachi, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme hupita kwetu ikienda Morogoro kabla mtu hajamaliza kuhesabu mabehewa yake. Ng'ombe wa bara huletwa mnadani, hushushwa, huuzwa, huenda zao. Kila kitu chapita, nasi twatazama. Basi swali la kwamba aendaye ni bora kuliko akaaye si swali la wenye vitabu peke yao. Linaulizwa katika nyumba zetu kila kijana anapofunga mzigo wake, nalo linamwumiza yule anayebaki mlangoni.

Wazee wetu walilijibu kwa mithali, lakini mithali zenyewe hazipatani. Moja yasema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Nyingine yasema mtembezi hula miguu yake. Ukimwuliza mzee ipi iliyo ya kweli, atakuambia zote mbili, kisha ataomba ugoro. Mimi naona tufanye kama Sulemani alivyofanya alipomtuma mvivu aende kwa chungu akamtazame. Ila chungu hatatufaa hapa, maana yeye ni wa kwenda na kurudi mchana kutwa, na hukumu yake tunaijua kabla hatujamwuliza. Na tushuke baharini, ambako wako viumbe wawili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kukaa, ambao ukiwatazama vizuri watakusumbua akili.

Wa kwanza ni papa yule ambaye watu wa Mafia humwita potwe. Msomaji wa bara akisikia jina la papa huwaza meno na damu, wala simlaumu. Potwe ni papa kweli: mifupa yake ni laini kama mfupa wa sikio, na kila upande wa shingo ana mipasuko mitano ya matamvua. Walakini hamli mtu. Katika samaki wote wa dunia hakuna ampitaye kwa ukubwa. Wako waliopimwa wakazidi mita 15, ambayo ni kama madarasa mawili yaliyounganishwa. Wale wa Mafia, wanaoonekana mbele ya Kilindoni hasa tangu Oktoba hata Februari, wengi wao ni vijana wa kiume wenye mita 6 au 7, na mtu aliyemo ndani ya ngalawa huona kivuli kikipita chini yake kirefu kuliko chombo. Mgongo wake ni mweusi wenye madoa meupe, tena madoa hayo hayafanani kwa potwe wawili, kama vile alama za vidole zisivyofanana kwa watu wawili. Pwani ya Kenya humwita papa shilingi, kwa kuwa madoa yale ni kama fedha zilizomwagwa mgongoni. Wenye elimu wa Ulaya walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1828, Daktari Andrew Smith alipompata mmoja aliyechomwa chusa katika ghuba ya Table Bay, Afrika ya Kusini. Wavuvi wetu, nadhani, walikuwa wamekwisha mpa jina zamani.

Kinywa chake chaweza kufunguka kupita mita moja, na ndani yake yamo meno kama 3,000, kila moja dogo mfano wa punje ya mchele. Meno hayo hayamsaidii kula. Chakula chake huko Mafia ni uduvi, wale wadogo ambao mwanamke huwateka kwa kitambaa. Hufungua kinywa, akaenda mbele, maji yakaingia kinywani na kutokea matamvuani, na uduvi wakabaki katika chujio lililomo kooni. Wataalamu waliompima potwe mmoja wa mita 4 na nusu walikisia kwamba katika saa moja ya kula hupitisha maji zaidi ya lita 300,000. Anayechota maji kisimani na aihesabu hivi: ni ndoo 15,000 za lita 20, kwa saa moja.

Wa pili ni sifongo. Jina lake tumelisoma sote katika habari za Msalaba, pale alipopewa Bwana siki, lakini wachache wanajua kwamba kitu kile kilikuwa mifupa ya mnyama. (Zile za rangi zinazouzwa dukani za kuoshea vyombo, nyingi hutengenezwa viwandani; sizo ninazozisema.) Sifongo wa baharini hana kichwa, hana moyo, hana damu, hana tumbo, hana mishipa ya fahamu, wala hana kinywa kama tunavyokijua sisi. Amekaa juu ya jiwe kama aliyesahauliwa. Hata Aristoteles, mjuzi wa Wayunani aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, alipata taabu naye: alimkuta kati ya mmea na mnyama. Aliandika kwamba watu husema sifongo hujikunja akihisi anataka kung'olewa, kisha akaongeza kwamba watu wa mji wa Torone wanakataa. Napenda sana uaminifu wa mtu huyo, kuwaandika na wale waliokataa.

Shaka hiyo ilikaa muda mrefu sana. Mwaka 1825 Robert Grant, huko Edinburgh, alimweka sifongo aliye hai ndani ya maji chini ya kioo cha kukuzia vitu vidogo, akatazama kwa saburi. Akaona kijito cha maji kikitoka katika tundu la mnyama, kikitoka tena, kisikome. Siku hizi twajua sababu. Mwili wa sifongo umetobolewa vinyweleo elfu na elfu, na ndani yake mna vyumba vidogo. Kuta za vyumba hivyo zimejaa chembe hai, na kila chembe ina mjeledi mwembamba unaopigapiga usiku na mchana. Mijeledi hiyo huvuta maji kupitia vinyweleo. Chakula, ambacho ni vijidudu visivyoonekana, hunaswa. Maji yaliyochujwa hutolewa kwa tundu kubwa. Sifongo mdogo mwenye kimo cha sentimita 10 na unene wa kidole hupitisha lita 20 na zaidi kwa siku. Ndoo nzima, naye hajaondoka mahali pake.

Sasa mnaona kwa nini nimewaweka pamoja. Wanafanya kazi moja. Mke anayekamua nazi huweza kukiinamia kifumbu palipo na maji, au kuyaleta maji palipo na kifumbu, na tui litakalotoka ni tui. Potwe hulibeba chujio lake mpaka kwenye chakula. Sifongo hukaa akakiita chakula kimjie. Waalimu wa siku hizi, hasa wale wanaowafundisha vijana kutafuta fedha, hupenda kusema, "Papa akisimama hufa, basi nawe usisimame." Ni kweli kwamba wako papa ambao hawana budi kwenda ili maji yapite matamvuani, tena papa hawana kibofu cha hewa cha kuwaelekeza juu, wakiacha kuogelea huzama. Lakini msemaji huyo angemaliza habari. Mijeledi ya sifongo nayo ikisimama, sifongo hufa. Hakuna aliyesimama kati ya hawa wawili. Mmoja kazi yake yaonekana toka ufukoni, na mwingine kazi yake haikuonekana hata Grant alipoinama juu ya kioo, na watu walikuwa wameogea sifongo kwa karne nyingi kabla ya hapo.

Mafuta ya ini la papa, ambayo mabaharia huyapaka mbao za vyombo vyao, huitwa sifa kwa Kiswahili. Neno hilo hunichekesha, maana aendaye hupata sifa akiwa hai, na akifa bado hutoa sifa ya kupaka jahazi. Sifongo hutoa nini? Mwaka 2013 wataalamu waliochunguza miamba ya matumbawe katika bahari ya Karibi walitangaza jambo ambalo limenikaa moyoni. Katika maji mna chakula kilichoyeyuka kabisa, kama sukari katika chai, ambacho konokono na kaa hawawezi kukila. Sifongo hukinywa, kisha huangusha chembe zake kuukuu kwa wingi, na hizo ndizo zinazoliwa na konokono na kaa na wengine wa jirani. Basi ujirani wote walishwa na yule tuliyedhani amekaa bure. Niliposoma habari hiyo niliwakumbuka wale wanaobaki vijijini: anayemgeuza mgonjwa kitandani, anayepokea watoto wa ndugu zake kila likizo, anayejua mpaka wa shamba uko wapi siku ya ugomvi. Ondoa mtu mmoja wa namna hiyo, na waliokwenda mjini watagundua kwamba hawana tena pa kurudi.

Kuna na jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya niandike. Zamani ilidhaniwa kwamba potwe wa Mafia ni wasafiri: wanaletwa na kaskazi, nao wakisha kushiba wanakwenda zao mbali. Wataalamu wakawafunga vyombo vidogo vyenye kutoa sauti, wakaweka chini ya bahari, kukizunguka kisiwa, vyombo vingine vya kuisikia. Habari zao zilipochapishwa mwaka 2015, ikaonekana kwamba wengi wa potwe hao hawakuwa wamekwenda popote. Walikuwa papo hapo Mafia mwaka mzima. Katika miezi ile mingine walisogea tu mbali kidogo na pwani, wakashuka chini, macho yasiwaone. Msafiri wetu mkuu, kumbe ni mwenyeji. Na sifongo je? Akiwa mtoto huogelea kwa vinyweleo vyake kwa saa nyingi au siku kadhaa, ndipo hushuka, akajibandika mahali na kukaa. Tena wako sifongo wazima ambao wamepimwa wakijikokota milimita chache kwa siku. Basi twaweza kusema kwamba tulimwita potwe msafiri kwa sababu tulikuwa hatumwoni, na tukamwita sifongo mkaaji kwa sababu tulikuwa tunamwona. Hukumu zote mbili zilikuwa habari za macho yetu.

Msomaji mwenye haraka atasema nimekwisha hukumu, kwamba akaaye ni sawa na aendaye na shauri limekwisha. Sivyo. Kwanza atakuja mtu anayeshinda chini ya mwembe akicheza bao tangu asubuhi, mkewe yuko kondeni, naye atasema, "Mwalimu ameandika, mimi ni sifongo." Huyo na aulizwe mijeledi yake iko wapi, na ndoo yake ya jana aliijaza saa ngapi. Uvivu upo, wala sikuja kuufuta. Nasema hivi tu, kwamba hautambulikani kwa kutazama miguu ya mtu.

Shida ya pili ni kubwa zaidi, nami sikuiona mpaka niliposoma habari za Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja. Wanawake wa huko walianza kulima mwani mwaka 1989. Baadaye bahari ikazidi joto, na mwani ule wenye bei nzuri ukawa unakufa. Ndipo baadhi yao, kwa zaidi ya miaka kumi sasa, wakafundishwa kulima sifongo. Kilimo chake ni hivi. Sifongo hukatwa vipande, vipande hutungwa katika kamba kama samaki wa kukaushwa, kamba hutandazwa baharini. Kila kipande hupona jeraha lake, hukua, huwa sifongo kamili. Baada ya miezi mingi huvunwa, hukamuliwa, husafishwa, huuzwa kwa wageni wa kuogea. Ni kazi njema, na imewapa watoto wa wajane chakula. Sina neno juu ya wakulima.

Walakini nilipoitazama picha ya kamba ile nilijiuliza: sifongo huyu anakaa, lakini ni nani aliyemfunga? Maana sisi nasi tunazo kamba. Katika nyumba yenye wana sita, wana wa kiume wakaenda, na binti mmoja akaambiwa, "Wewe utabaki na bibi." Akaachishwa shule. Miaka ikapita, na kila sikukuu wale ndugu huja na khanga moja, wakamsifu mbele ya wageni kwa moyo wake wa kukaa. Hakuukaa kwa moyo, alifungwa. Kumsifu mtu kwa subira ya kamba tuliyoifunga sisi wenyewe ni njia rahisi ya kuepa deni, na nashuku kwamba sehemu kubwa ya sifa tunazowapa wanaobaki ni za namna hiyo. Tunawasifu ili tusiwape zamu.

Hapo wanyama hawawezi kutufundisha zaidi. Sifongo hakuchagua jiwe lake kama Ruthu alivyomchagua Naomi, wala potwe hakuchagua Mafia. Kwa mwanadamu, kwenda kwa kukimbia wajibu na kwenda kwa kuutimiza ni miguu ile ile. Kukaa kwa hofu na kukaa kwa upendo ni kigoda kile kile. Aliye nje hawezi kupambanua kwa kutazama tu, na pengine mwenyewe naye huchukua miaka kupambanua.

Lakini katika jambo moja naona wanyama hawa wanaweza kutukemea tena. Mwaka 1907 mtaalamu wa Marekani aitwaye Wilson alimchukua sifongo, akampitisha kwa nguvu katika kitambaa cha hariri mpaka chembe zake zikaachana kama unga ndani ya maji. Akangoja. Chembe zikatambaa, zikatafutana, zikashikamana, zikawa sifongo tena. Mnyama wa namna hiyo ni vigumu kumwita "huyu". Ukimgawa mara kumi una kumi, ukiwasaga pengine una mmoja, na hakuna aliyepotea. Potwe sivyo. Akiuawa mmoja, madoa yale hayatarudi katika bahari yo yote. Na kwa kuwa huchukua miaka mingi kukua kabla hajazaa, wakipungua hawaongezeki upesi. Ndiyo sababu mwaka 2016 alitiwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Huko Mafia hufuata uduvi mahali pale pale wavuvi wanapotega nyavu za dagaa, na mara nyingine hujikuta amezungukwa na wavu. Mvuvi mwenye busara huulegeza akamwacha atoke.

Sasa sikilizeni tunavyosema nyumbani: "Katika ninyi sita, mmoja abaki na mama." Mmoja! Kama kwamba tunakata sifongo, na kipande cho chote kitaota sawasawa. Lakini kila mmoja wa wale sita ana madoa yake. Huyu mikono yake ni mizuri kwa wagonjwa, yule akikaa na mgonjwa siku mbili hugeuka mkali. Huyu alikuwa wa kwanza darasani, yule alichoka na vitabu kabla ya kuvifungua. Wala mama mwenyewe si kazi ya kugawiwa, ana lake la kusema, na mara nyingi haulizwi.

Zipo nyumba zilizoanza kupanga kwa zamu. Mwana wa Gongo la Mboto huja kulala Jumamosi, yule wa Mbagala hulipa dawa na nauli, na aliyebaki hupewa mwezi mmoja katika mwaka aende apendako, pasipo kuulizwa anakwenda kufanya nini. Wapo wanaosema kwamba mpango wa namna hiyo unaigeuza huruma kuwa mkataba, na kwamba mzazi akijua analelewa kwa zamu atajiona mzigo. Mimi sikubaliani nao, ila hoja yao si nyepesi. Kama yuko msomaji aliyeijaribu njia hiyo, au aliyeikataa, na amwandikie Mhariri atueleze ilivyokuwa nyumbani kwake. Na ikiwezekana, barua hiyo aiandike yule aliyebaki.